Nafasi Niliyoambiwa Niishikilie

Kiwanda chetu cha kukarabati matairi kinapanuliwa tena. Jengo jipya limeshaezekwa, mitambo imefika ikiwa imefungwa kwa mbao na maturubai, na kila asubuhi watu wanaotafuta kazi wanapanga foleni kutoka langoni hadi kwenye kibanda cha mama wa chai. Wengine wametoka Kangeta, wengine Kianjokoma, na wana ule uso wa mtu aliyeamka mapema kuliko wenzake na bado akakuta watu mbele yake.

Kijana mmoja wa ofisini alinijia mapumzikoni. Ni kijana mwenye adabu, hunisalimu kila siku. Akasema siku ya kufungua jengo kutakuwa na wageni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyedumu hapa kuliko wote, nisimame niseme maneno mawili.

"Maneno gani?" nikamuuliza.

"Useme vile kampuni ilikuokoa, Mama. Ulikuwa yatima, ukaachwa na watoto, kampuni ikakupa kazi."

Nikamwambia nitasimama, ila hayo sitayasema. Akadhani naogopa kipaza sauti. Siogopi kipaza sauti. Sipendi tu kumshukuru mtu kwa kitu ambacho hakunipa. Nafasi yangu ya kazi sikupewa. Niliambiwa niishikilie kwa ajili ya mtu mwingine, nikaishika, na mpaka leo sijaiachilia. Haya ndiyo maneno yangu, na kwa kuwa si mawili, nimeona niyaandike.

Nyumbani kwetu ni pale chini, ukiteremka kutoka mjini Meru, karibu na kiwanda kiasi kwamba ving'ora vya zamu vilitufanya tusiwe na haja ya saa. Tulizaliwa wanne. Mimi wa kwanza, msichana. Akanifuata ndugu yangu mkubwa, kisha ndugu wa pili ambaye alipenda mbuzi kuliko watu, kisha kitinda mimba wetu, msichana. Baba aliuza kipande cha chini cha shamba alipokuwa hai, kiwanda kilipotaka kujipanua mara ya kwanza, na wote waliouza waliahidiwa kwamba jengo litakapokamilika, kila nyumba ingeingiza mtu mmoja kazini. Jengo lilichukua miaka. Baba hakuliona likiezekwa. Aliondoka wakati wa mvua za Aprili, na mama akamfuata kabla mahindi hayajavunwa.

Nilikuwa kidato cha pili. Nilirudi nyumbani kwa mazishi ya mama na sanduku langu lilibaki shuleni. Hata leo sijui nani alilichukua.

Baada ya mazishi ukoo uliketi kutugawa. Sisemi kwa ubaya. Ndivyo watu wetu walivyofanya ili mtoto asilale njaa, na wengi walilelewa hivyo wakawa watu. Shangazi wa Kianjokoma angemchukua kitinda mimba. Jamaa mmoja wa Kangeta mwenye miti ya miraa angemchukua yule wa pili, kwa kuwa alikuwa mwepesi na angeweza kupanda miti. Ndugu yangu mkubwa angekwenda kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Mimi nilikuwa nimefikia umri wa kuolewa, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kunipangia mahali.

Walizungumza haya uani, nami niko jikoni na mlango wazi, namenya ndizi za kuwapikia. Shangazi alikuja na kiondo kitupu cha kutilia nguo za mtoto. Alikiweka karibu na mlango kwa upole, kama mtu anayeogopa kukiamsha. Nilipomaliza kupakua, nikakichukua kile kiondo nikaenda kwenye bonde letu, nikang'oa nduma, nikaziosha, nikakijaza mpaka juu. Wageni walipoinuka nikampa Shangazi mkononi.

Kwetu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Kila mtu anajua hilo. Shangazi alikitazama, akanitazama mimi, akaelewa kwamba ndani hakukuwa na nguo.

"Na mtoto?" akauliza.

"Mtoto anakula hapa, Shangazi. Ukija Krismasi utamkuta."

Baba mdogo alicheka. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye kauli ya kukaa juu ya kauli za wengine. Akauambia ukoo waniache nijaribu. Akasema mwaka ukiisha na hakuna mtu wa nyumba hii anayeleta mshahara, watarudi kutugawa bila kuandaliwa ndizi. Hilo likawa agano. Sikurudi shule. Nilichuma kahawa ya watu, nilibeba mchanga, nilifua nguo za walimu, nikawa nasikia upande wa chini nyundo za mafundi wa kiwanda zikigonga mabati, na nikawa nazihesabu kama mtu anayehesabu siku akingoja mvua.

Lazima niseme jinsi kazi ile ilivyokuwa inatamaniwa. Miaka ile magari ya miraa yalikuwa yameongezeka. Miraa ikishachumwa haingoji mtu. Gari linatoka Kangeta likikimbia mpaka Nairobi kama linalofukuzwa, na tairi jipya kwa muda mfupi linakuwa kipara. Tairi kipara likiwa bado na mwili mzima haliwi la kutupa. Linaletwa kiwandani, linakaguliwa ndani na nje, linakwanguliwa, linapakwa gundi, linavishwa gamba jipya, kisha linapikwa ndani ya tanuri kubwa ambalo wafanyakazi waliliita chungu. Linatoka likinukia moto na likiwa na meno tena. Kwa hiyo kila gari lililokimbia lilikuwa linatutafutia kazi, na vijana wa kwetu walikaa juu ya ukingo wa barabara wakiyatazama magari yale wakisema, kimbia, kimbia, maliza tairi.

Jengo lilipokaribia kwisha, baba mdogo alikuja. Alikuwa ameshaamua. Nafasi ya nyumba yetu ingechukuliwa na ndugu yangu mkubwa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amalize mtihani wa darasa la nane. Nikamkumbusha kwamba kijana alikuwa anangoja shule ya upili, na kwamba mimi nilikuwa tayari nimeacha masomo na mikono yangu ni mitupu. Kama mshahara ni mmoja na watu ni wawili, basi aende yule asiye na shule.

Alinijibu kwa utulivu, na nitaandika alivyosema kwa sababu hakuwa mjinga. Alisema msichana ni wa kwenda. Nikiolewa, nitatoka na kazi ile niipeleke nyumba ya watu wengine, na baba yangu hakuuza shamba lake ili nyumba ya watu wengine ipate mshahara. Mvulana ni wa kubaki. Shule ni jambo zuri, lakini shule haijengi kuta. Akaongeza kwamba kazi ya tairi ni ya wanaume.

"Mwari," akaniambia, kwa lugha yetu, yaani binti, "wewe umefanya vizuri. Sasa pumzika, mwachie mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa nyuma ya zizi akicheza mpira wa matambara.

Hapo ndipo palipokuwa na kikwazo, na baba mdogo alikijua. Ndugu yangu alikuwa bado hajatahiriwa. Kiwanda hakikuuliza mambo hayo, lakini wanaume wa kule ndani walikuwa wanaume wa hapa. Hawangekunywa chai pamoja na mvulana, wala hawangekubali ashike upande mmoja wa tairi la lori nao wakishika mwingine. Angetumwa sigara na maji mpaka akimbie. Basi baba mdogo akasema kijana atahiriwe Desemba ile ile, apone, aingie kazini akiwa mwanamume kamili. Alisimamia kila kitu yeye mwenyewe. Alijenga kibanda cha jando upande wake wa shamba, alitafuta mlezi wa kumtunza kijana, alinunua blanketi. Wala hakutudai chochote. Nayasema haya kwa sababu ni kweli.

Jengo likamalizika mapema kuliko walivyodhani. Wiki ile ile ambayo ndugu yangu aliingia kibandani, kiwanda kikatangaza kwamba watu wa zile nyumba wafike. Asiyefika, nafasi yake ingekwenda kwa wale waliokuwa wakingoja nje. Na mtu aliye jandoni hatoki. Hata kiwanda kiungue, hatoki mpaka apone. Hata mimi dada yake niliyempikia uji sikuruhusiwa kumwona. Ndugu yetu wa pili ndiye aliyebeba chakula akakiweka kando ya njia na kurudi bila kugeuka.

Baba mdogo akaja mbio, amevaa koti lake la kanisani siku ya kazi.

"Nenda wewe," akaniambia. "Kaishikilie tu hiyo nafasi, asije mtu akaikalia. Kijana akipona utamwachia."

Nikasema ndiyo. Hakuniuliza ndiyo ya kuishikilia au ya kuiachia.

Langoni nilipokelewa na mnyapara, mtu wa Embu, mfupi, mwenye sauti ya kushinda mitambo. Aliuliza mwanamume wa nyumba yangu yuko wapi, nikamwambia yuko jandoni. Hilo lilikuwa jibu ambalo hata mtu wa Embu hawezi kulipinga. Akaniambia basi niingie kwa siku hizo, nifagie.

Unga wa mpira ni kitu kisichofagika. Mtambo wa kukwangua ukianza kuzungusha tairi, ule unga mweusi unaruka, unaingia masikioni, unaingia kwenye mate. Ukifagia mbele, nyuma kunajaa. Wanaume walinitazama kwa siku kadhaa kama watu wanaotazama kuku aliyeingia kanisani, hawamfukuzi wala hawamkaribishi. Mmoja mzee kidogo, aliyekaa kwenye chungu, ndiye aliyeanza.

"Shemeji, umekuja kutupikia?"

"Nimekuta mnapika," nikamwambia. "Nangoja nione kama mnaweza kuivisha."

Wakacheka, na yeye akacheka zaidi yao. Tangu siku hiyo akawa ananiita mpishi, na kwa kuwa alinipa jina, wengine nao wakapata cha kuniita.

Nilipewa mahali pa kweli kwa sababu jengo jipya lilikuwa na mashine nyingi kuliko watu waliojua kuzisimamia. Walihitaji mtu kwenye ukaguzi. Tairi linawekwa kwenye chuma kinacholipanua midomo, unaingiza mkono ndani na kupapasa polepole pande zote, ukitafuta msumari uliojificha, au waya uliochomoka, au mahali palipolegea. Jicho linaweza kudanganywa na matope, kiganja hakidanganyiki upesi. Msumari ukipita hapo bila kuonekana, tairi litapasuka barabarani, na ndani ya lile gari kuna watoto wa watu. Mnyapara alinionyesha mara moja, akasimama nyuma yangu, akanionyesha tena, kwa ukali zaidi. Siku ya kwanza waya ulinichana kidole gumba mpaka damu ikaingia kwenye tairi. Nilifunga kwa kitambaa cha kichwa nikaendelea. Hakuna aliyenisifu. Jioni mnyapara alisema tu, "Kesho kuja mapema, hiyo ya lori ni nyingi."

Nilikwenda mapema. Nilipenda kazi ile, sitaficha. Nilipenda kwamba ikifanywa inaonekana imefanywa. Nilipenda kutoka langoni nikiwa mweusi kama chungu, na watu wa njiani wakinipisha. Nilipofika nyumbani kitinda mimba alikuwa anakimbilia kunisugua mgongo kwa jiwe, akisema ananitafuta huko ndani.

Wakati huo matokeo ya mtihani yakatoka. Mwalimu mkuu alinisimamisha baada ya ibada Jumapili, mbele ya watu, akanipa mkono kama anavyompa mzazi. Ndugu yangu alikuwa ameitwa shule ya bweni ya upande wa Embu, shule nzuri. Nikamwomba mwalimu amwambie baba mdogo mwenyewe, maana nikimwambia mimi itakuwa ni maneno ya msichana. Alimwambia. Baba mdogo alimshukuru sana, kisha jioni ile akaenda kibandani kama alivyokwenda kila jioni, kumfundisha kijana mambo ya kiume. Sikuwako, lakini nilijua anachofundisha, kwa sababu kila mtu hufundishwa yale yale. Kwamba mwanamume neno lake ni moja. Kwamba mwanamume haamuliwi mambo ya nyumba yake na mtu wa nyumba nyingine. Kwamba tangu siku atakayotoka, hatumwi kama mtoto, huombwa. Na anayethubutu kumpiga mtu aliyetoka jandoni, wazee watamtoza mbuzi. Baba mdogo alikuwa mwalimu hodari wa mambo hayo. Nasikia kijana alitakiwa kuyarudia mpaka yakae.

Mimi sikupeleka ujumbe wowote. Ndugu yetu wa pili aliniuliza kama aseme kitu anapopeleka chakula, nikamwambia apeleke chakula. Nilijua kwamba nikimwambia la kusema, litakuwa neno langu kinywani mwake, na baba mdogo atalinusa. Niliendelea kupapasa matairi. Kila jioni nikipita pale njiani niliona moshi wa kibanda na nikasikia wanaume wakiimba, na sikujua ndani ya moshi ule wanamtengeneza ndugu yangu au wanamtengeneza mtu wa baba mdogo. Mwaka ulikuwa umekwisha. Shangazi alikuja Krismasi, alikula, akamtazama kitinda mimba kama mtu anayepima nguo. Nilijua wazee wanasubiri kuona.

Kijana akapona, akatoka. Kwa kuwa mama hakuwako, mimi ndiye niliyesimama mahali pa mama kumpokea na kumpaka mafuta kichwani. Alikuwa amenenepa, amevaa shati jipya, kofia na suruali ndefu yenye mikunjo ya dukani. Hakunitazama sana machoni, ndivyo walivyofundishwa. Nikampa mkono, akaushika, akahisi mikwaruzo ya waya. Akaugeuza mkono wangu akautazama kiganja. Baba mdogo akamwita, akaondoka naye.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na mkono ndani ya tairi la gari la miraa, mpaka kwenye bega, niliposikia mitambo ikizimwa mmoja mmoja. Niligeuka nikawaona wamesimama mlangoni. Baba mdogo na koti la kanisani, ndugu yangu na kofia yake, mnyapara katikati.

Baba mdogo aliwasalimu wanaume kwa zamu, wakubwa kwanza. Kisha akasema, "Nimemleta mwenye nafasi. Mwari, asante kwa kutushikia. Vua ovaroli umpe ndugu yako."

Nilitoa mkono ndani ya tairi. Sikushika kifungo hata kimoja. Nikamwambia, "Nimesikia, Baba mdogo," nikabaki nimesimama.

Akadhani sijasikia. Akarudia. Mzee wa kwenye chungu akakohoa. Mnyapara akatazama saa, kwa sababu zamu ilikuwa imesimama na yeye ndiye angeulizwa.

Ndipo ndugu yangu akaivua kofia.

"Baba mdogo," akasema, "kibandani uliniambia mwanamume haamuliwi mambo ya nyumba yake."

"Nilikuambia, na ni kweli."

"Uliniambia nirudie mpaka nishike."

"Ukashika vizuri."

"Basi nimeamua. Nafasi hii ni ya dada. Mimi naenda shule."

Hakupaza sauti. Ilikuwa bado inavunjikavunjika, ile sauti ya umri ule, ikapanda juu katikati ya neno shule na kushuka, na mtu mmoja nyuma alitaka kucheka akajizuia. Baba mdogo alitabasamu kwanza, akifikiri ni mzaha wa kijana aliyelewa na shati jipya. Alipoona si mzaha, mkono wake wa kulia uliinuka. Uliinuka mpaka usawa wa sikio la kijana. Siku chache kabla ya Desemba mkono ule ungeshuka na hakuna ambaye angeongea. Lakini wanaume wote wa kiwanda walikuwa wanautazama, na kila mmoja alijua bei yake ni mbuzi, na aliyemfundisha kijana bei hiyo ni mwenye mkono mwenyewe. Ukabaki hewani. Kisha akaupeleka kichwani akajikuna.

Naye kijana, nitasema ukweli, alifumba macho. Lakini hakurudi nyuma.

Baba mdogo akanigeukia mimi. "Umemfundisha wewe."

"Umemfundisha wewe," nikamwambia. "Mimi nilikuwa hapa."

"Msichana ni wa kwenda. Ukiolewa?"

Swali hilo nilikuwa nimelibeba tangu alipoliuliza mara ya kwanza, na nilikuwa nimelipapasa kila upande kama tairi. "Mama alikufa mkaja, mkala, mkaenda," nikasema. "Shangazi alikuja akaenda. Wewe ulikuja ukaenda. Kila siku naambiwa mimi ndiye wa kwenda, na kila mkija mnanikuta. Sasa kati yetu, nani wa kwenda?"

Mnyapara ndiye aliyemaliza, tena bila kutaka kuwa upande wowote. Akasema, "Mzee, hii maneno ya nyumba yenu mkamalizie huko nje. Kampuni ilisema mtu moja. Mtu iko hapa, na kazi yake nimeona. Hiyo tairi nayo inangoja." Kisha akawapigia makofi wanaume, na mitambo ikaanza kunguruma, na kama baba mdogo alisema kitu kingine, sikukisikia. Nilirudisha mkono ndani ya tairi. Ikabidi nianze upya kupapasa kutoka mwanzo, kwa kuwa sikuwa na hakika nilikuwa nimefika wapi. Msumari ulikuwemo.

Baba mdogo hakufika kwetu mpaka maharagwe yaliyopandwa msimu ule yakakomaa. Siku aliyofika alileta debe la maharagwe, akaliweka mlangoni, akazungumza habari za mvua. Nikalimwaga nikalijaza viazi nikamrudishia. Hatukulizungumza lile jambo tena, wala sikumwomba radhi, wala yeye. Alikufa mimi nikiwa nimeshaolewa, na niliolewa na mtu aliyekubali kujenga hapa hapa, juu ya kipande kilichobaki. Watu walimcheka mume wangu kwa hilo. Alikula kwa amani.

Ndugu yangu aliondoka kwenda shule Jumatatu. Sikumsindikiza, nilikuwa zamu ya asubuhi. Alijibebea sanduku mwenyewe, ingawa mtu aliyetoka jandoni hapendi kuonekana na sanduku kichwani. Kina mama wa sokoni walimtania kwamba amerudi kuwa mtoto. Alipopita kwenye uzio wa kiwanda alilitua, akangoja. Mnyapara aliniona nikichungulia akaniambia niende nikateme mate nje, yaani nitoke kidogo. Tulisimama uzio ukiwa katikati. Nilikuwa mweusi mpaka kope. Nikamwambia asome, akaniambia nisiingize mkono bila kutazama kwanza. Basi. Hatukuwa na mazoea ya maneno mengi.

Jioni nilirudi nyumbani. Wa pili alikuwa anafunga mbuzi. Hakuna aliyekuja kumchukua kwenda Kangeta, wala kiondo hakikurudi tena kutoka Kianjokoma. Kitinda mimba alileta karai na jiwe, akaanza kunisugua mgongo, mara akaacha. Nikajua anafikiri.

"Sasa amekwenda," akasema. "Mwanamume wa nyumba ni nani?"

Nikamwambia aongeze maji ya moto.

Akaongeza. Akasugua. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeridhika na hesabu yake, kwamba masikioni bado ni kweusi, nigeuke.